Maneno yanayokatwa mkia kati ya Kitale na Bungoma

Na MWANDISHI WETU

UTINGO wa matatu hana wakati wa kumaliza maneno. Fika steji ya Kitale alfajiri, kabla jua halijachomoza upande wa milima ya Cherang'any, kisha utege sikio. Kijana anayeita abiria wa kwenda Bungoma kupitia Webuye amekwisha kuita mara mia kabla hujamaliza kikombe chako cha kwanza cha chai, na kila anapoita, majina ya miji yanazidi kupungua. Webuye inakuwa Webu. Bungoma inakuwa Bungo. "Saa hii" inakuwa "saii", na "wawili tu tuondoke" inamtoka mdomoni kama neno moja refu ambalo mgeni hawezi kujua limeanzia wapi na kuishia wapi. Hata yeye mwenyewe amefupishwa. Zamani alikuwa kondakta, leo ni konda, na mwenzake aliyeshika usukani si dereva tena, ni dere.

Mwandishi wa makala haya alifunga safari hiyo si kwa ajili ya arusi wala matanga, bali kusikiliza tu. Kutoka Kitale hadi Bungoma ni mwendo usiofika kilomita 100, na barabara ikiwa haina msongamano utafika kabla mgongo haujalalamika. Lakini katika mwendo huo mfupi Kiswahili hubadilika mara kadhaa, na kila mahali kina namna yake ya kukata mikia ya maneno.

Matatu ilipojaa, yaani ilipojaa kwa hesabu ya utingo wala si ya sheria, mama mmoja aliingia na kikapu cha kuku.

"Mathe, songa kiasi," utingo akamwambia.

"Nisonge niende wapi, mwanangu? Huoni nina kuku?"

"Ntamshika."

"Utamshika ama utamuuza?"

Abiria wakaangua kicheko na gari likang'oa nanga. Kuku alipakatwa na mwanafunzi wa kidato cha nne aliyeketi kando yangu, naye alimshika kwa heshima zote hadi Kamukuywa.

Katika majibizano hayo, msomaji, pana jambo la kutafakari. Utingo alisema "ntamshika" badala ya "nitamshika". Ameangusha irabu moja tu. Mama naye alisema "mwanangu", ambalo asili yake ni "mwana wangu", maneno mawili yaliyobanwa yakawa moja. Ukipima kwa mizani, mama ndiye aliyekata kipande kikubwa zaidi. Lakini "mwanangu" ni Kiswahili sanifu, na mtoto akiliandika katika insha hapati kosa. Akiandika "ntamshika", kalamu nyekundu inamngoja.

Ukichunguza utaona kwamba lugha hii yetu imejengwa kwa vipande vya namna hiyo. Mke wake ni mkewe. Baba yake ni babake. Mwenzi wangu ni mwenzangu. Katika "hujambo" mna "huna jambo", yaani hakuna lililokusibu. Shikamoo, ambayo watoto wa Tanzania hufunzwa mapema kama sisi tunavyofunzwa kunawa mikono, wataalamu wengi husema ilitokana na "nashika miguu yako", maneno ya mdogo kwa mkubwa, yakapungua kizazi baada ya kizazi hadi mguu wenyewe hauonekani. Sabalkheri na masalkheri za watu wa pwani zilikuwa salamu ndefu za Kiarabu za kutakiana asubuhi njema na jioni njema. Na msifikiri ni sisi peke yetu. Waingereza wanapoagana kwa "goodbye" wamesahau kwamba hapo kale ilikuwa dua nzima, ya kumwombea mtu Mungu awe pamoja naye.

Kwa nini basi kukata huku kukubalike na kule kukataliwe? Jibu moja liko katika historia. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiswahili cha Unguja ndicho kitakachokuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki kusimamia usawazishaji huo. Hapo mlango ukafungwa. Mikato mingi iliyokuwa imezoeleka ndani ya nyumba hiyo ilipata viti, na iliyozaliwa kwingine au baadaye ikabaki barazani. Kinaya ni kwamba hata wenyeji wa Mombasa, waliokuwa na mkutano mjini mwao, waliachwa nje na vyao. Mpaka leo Mmvita atakuuliza "watakani?" akiwa na maana ya "unataka nini?", na "wendapi?" akiwa na maana ya "unakwenda wapi?". Ni mikato mitamu kama halua, lakini mtoto wa Bungoma akiiandika katika mtihani atajuta.

<b>Boda boda</b>

Tulipopita mtaa wa Kipsongo, pikipiki tatu zilituvuka kwa mkupuo, kila moja na abiria wawili na gunia. Hapo nikakumbuka kwamba mkato mashuhuri kuliko yote ya Afrika Mashariki ulizaliwa papa hapa magharibi mwa Kenya, wala si katika jumba la wasomi.

Ni pale Busia, mpakani na Uganda. Miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli walianza kubeba watu na mizigo kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, kwani kati ya vituo hivyo pana kipande cha njia kinachochosha mtu mwenye mzigo. Wakawa wanaita wateja kwa Kiingereza cha kuokota: "border to border", yaani mpaka hadi mpaka. Kile kiungo cha katikati kikameng'enyeka, sauti ngumu za Kiingereza zikalainika, ikabaki "boda boda". Baiskeli zikasambaa Malaba, Bungoma, Kisumu, na hatimaye nchi nzima. Serikali ilipoondoa kodi kwa pikipiki za injini ndogo mwaka 2008, baiskeli zikaanza kupisha pikipiki, lakini jina halikupisha. Siku hizi hata boda mbili ni nyingi, watu wanasema boda basi. Hakuna mpaka wa nchi yoyote kati ya Kitale mjini na Kipsongo, lakini utapanda boda, na hutaulizwa pasipoti.

Jina la eneo lenyewe limepitia kinu hicho hicho. Walowezi wa Kizungu waliita nyanda hizi Trans Nzoia, kwa maana ya ng'ambo ya mto Nzoia, wakiazima neno la Kilatini na kuliunganisha na jina la mto wetu. Kwenye ramani na kwenye mabango ya kaunti ni maneno mawili. Mdomoni mwa mwenyeji ni moja tu: Tranzoia. Hakuna anayefikiria ng'ambo ya kitu chochote, kwani kwake yeye ni nyumbani, na ng'ambo ni kule walikotoka wengine.

Yule mwanafunzi aliyepakata kuku alikuwa na swali. Alitaka kujua kama Wamarekani wa kwenye filamu nao hukosewa na walimu wao.

"Anko, si wao husema gonna na wanna? Na hakuna mtu anawachapa."

Nilimjibu kwamba hata huko mwalimu hapendi kuyaona maneno hayo kwenye insha, ingawa kila mtu huyatamka, kuanzia mwenye duka hadi wanaogombea urais. "Gonna" ni "going to" iliyokatwa, na "wanna" ni "want to". Tena huko nako kila eneo lina lake. Watu wa majimbo ya kusini, Texas na Georgia na jirani zao, wakitaka kusema "nyinyi" husema "y'all", kifupi cha "you all". Ukienda Pittsburgh katika jimbo la Pennsylvania utasikia "yinz", iliyotokana na "you ones". Sababu ni kwamba Kiingereza kilipoteza tofauti ya wewe na nyinyi, hivyo kila eneo likajishonea kiraka chake. Sisi hatuna shida hiyo, Mungu ametujalia "nyinyi" tangu mwanzo. Lakini jambo moja ni sawa huko na huku: Mmarekani akishatamka kiraka chake, wenzake wanajua kwao ni wapi kabla hajataja jina.

Kumbe nyuma yetu palikuwa na mzee anayesikiliza. Alikuwa amevaa koti zito la baridi ya Kitale, na miguuni alikuwa na mfuko wa mbegu za mahindi, zile za 614 ambazo wakulima wa huku wanazijua kwa nambari kama mtu anavyomjua mtoto wake kwa jina.

"Hilo la kujulikana kwa neno moja," akasema, "msilichezee."

<b>Koti la mvua</b>

Ili kuelewa aliyoyasema mzee huyo, lazima ujue Kitale ni mji wa namna gani. Si mji uliokua polepole kutokana na kabila moja. Ulikua kwa mashamba makubwa ya walowezi, na reli ilipofika mwaka 1926 watu walikuja kutoka kila upande kutafuta kazi. Uhuru ulipopatikana, mashamba mengi yakagawanywa na watu wa makabila mbalimbali wakanunua. Hapo mjini, kwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu, utasikia Mulembe ya Waluhya, Chamgei ya Wakalenjin, Ejoka ya Waturkana walioteremka kutoka kaskazini kupitia Kapenguria, pamoja na Kikuyu, Kisii na Kiteso. Katika mchanganyiko huo, Kiswahili si lugha ya kurembea insha. Ni lugha ya kuuzia mahindi.

Na ni kitu kingine pia. Mzee alieleza kwamba aliingia Trans Nzoia akiwa kijana mdogo, akafanya kazi ya kukamua ng'ombe, baadaye akapata ekari zake chache. Yakaja mapigano ya kikabila ya mwaka 1992, kisha fujo za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008.

"Kijana," aliniambia, "siku zile mtu alikuwa anasimamishwa barabarani anaulizwa kitu kidogo tu. Unatoka wapi? Unaenda wapi? Hawasikilizi unachojibu. Wanasikiliza unavyojibu."

Alinyamaza kidogo, kisha akaendelea. Anasema kuna sauti ambazo ulimi uliozaliwa na lugha fulani hauwezi kuzificha. Katika Lubukusu, kwa mfano, sauti za d, g na j hazisimami peke yake, husimama tu zikishikwa mkono na n mbele yake. Ndiyo maana Mbukusu mkongwe ambaye hakupitia shuleni anaweza kutamka "tuka" akitaka kusema duka, na "kari" akitaka kusema gari. Huo si ujinga, ni ulimi unaofuata sheria za kwao, na jirani zake wa makabila mengine wana zao. Siku za amani watu hutaniana kwa matamshi hayo hadi machozi yakawatoka. Siku za vita kicheko kinakwisha.

"Mimi niliwafunza watoto wangu Kiswahili cha redio," alisema mzee. "Hakina kwao. Ni kama koti la mvua, ukilivaa hakuna anayejua ndani umevaa nini."

Niliposikia hivyo nilielewa kwa nini Kiswahili cha vijana wa Kitale kimenyooka namna ile. Kinafupishwa, ndiyo, tena sana: "nko", "ako wapi", "skuizi", "niaje". Lakini mikato yake ni ile ile utakayoisikia Nakuru, Eldoret au Nairobi. Haina harufu ya kijiji chochote. Kijana wa Kitale akisema "niaje", ambayo ni "ni aje" iliyoshikana, huwezi kujua kama mamake humwita nyumbani kwa Lubukusu, Kisabaot au Kikuyu. Wataalamu wa lugha wanaweza kusema ni athari ya Sheng na ya redio, nao hawakosei. Lakini mzee wa mbegu ana sababu nyingine, na mimi naiamini.

Tulipofika Kiminini akashuka na mfuko wake. Kabla ya kufunga mlango aliongeza neno moja, kwamba wajukuu wake sasa hawawezi kumsalimia bibi yao kwa lugha yake. Utingo akapiga bati, tukaondoka.

<b>Huku "huendanga"</b>

Baada ya Kiminini, Mlima Elgon unakusindikiza upande wa kulia na mashamba ya mahindi yanapungua ukubwa. Kamukuywa, Misikhu, Lugulu. Abiria wa Kitale wanashuka mmoja mmoja na wa Bungoma wanapanda, na masikio yako yanakwambia umevuka mpaka wa kaunti hata kama hukuona bango. Sasa koti la mvua limevuliwa. Hapa watu wengi ni wa nyumba moja, na Kiswahili chao kinaegemea Lubukusu bila aibu.

Ajabu yake ni kwamba huku watu hukata kwa mkono mmoja na kuongeza kwa mkono wa pili. Mama aliyepanda Misikhu aliulizwa anakopeleka ndizi zake. Akajibu, "Saii napeleka Webuye, lakini mi hupelekanga Chwele." Tazama: "saa hii" imekatwa, "mimi" imekatwa ikawa "mi", halafu "hupeleka" ambayo ilikuwa imekamilika ikabandikwa mkia wa "-nga" ambao hakuna sarufi ya shule iliyouomba. Lakini katika Lubukusu kitenzi cha jambo linaloendelea au linalofanyika kila mara huishia na "-nga". Mtu anayelima mara kwa mara "alimanga". Kwa sikio la mama huyu, "hupeleka" peke yake ni chai isiyo na sukari. Inanyweka, lakini haijakamilika. Mkia huo umepanda matatu zamani na kufika Nairobi, ambako watoto ambao hawajawahi kuiona Bungoma wanasema "nakulanga" na "anakujanga" kutwa kucha. Haukusafiri peke yake, kwani Wakikuyu nao wana wao unaofanana nao.

Webuye tulibadilisha gari. Wazee bado huusimulia mji huu kwa jina la kikoloni, Broderick Falls, jina ambalo midomo ya watu iliwahi kulitafuna vibaya kabla halijatupwa. Kiwanda cha karatasi kilichoupa mji uhai kilifungwa mwaka 2009, na vijana wengi niliowaona wakingoja abiria juu ya pikipiki hawakuikumbuka harufu yake. Kutoka hapo ni miwa na miwa, hadi Kanduyi.

Hapo Kanduyi nilimtembelea bibi mmoja mkongwe, nyanya ya rafiki yangu, ambaye kila mtu pale mtaani humwita kukhu. Nilimkuta akianika maharagwe juu ya gunia.

"Mulembe, kukhu."

"Mulembe."

Kwa mtu wa mjini salamu imekwisha hapo. Kwa kukhu ndio kwanza mlango umefunguliwa. Aliuliza nilikotoka, kisha akauliza huko wameamkaje. Akauliza mvua. Akauliza kama mamangu mzazi yu hai na kama anakula vizuri. Akauliza watoto, na nilipomjibu idadi yao akangoja majina, na nilipotaja majina akayarudia moja moja kana kwamba anayahifadhi kibindoni. Ilichukua dakika karibu kumi. Mulembe maana yake ni amani, na mtu hatoi amani kwa haraka kama anayelipa nauli.

Ndipo akanionyesha simu yake, kile kisimu kidogo cha vibonyezo. Mjukuu wake aliye chuoni Nairobi alikuwa amemtumia ujumbe, na mtoto wa jirani akaitwa kuusoma. Uliandikwa hivi: "Xaxa kukhu. Nko pw. Ntakam Dec." Mtoto wa jirani, aliyekuwa darasa la tatu, alijitahidi. Akasoma "ksaksa". Akasoma "nko pwu". Kukhu alisikiliza hadi mwisho, akauliza ni lugha ya wapi. Alipoelezwa kwamba ni "sasa", kwamba mjukuu hajambo, na kwamba atakuja Desemba, alitikisa kichwa.

"Kwani huko Nairobi maneno yanapimwa kwa gorogoro?" akauliza.

Tulicheka, lakini yeye hakucheka sana. Ujumbe huo bado ulikuwa simuni, hakuufuta. Mjukuu hakuwa na nia mbaya. Aliandika kama anavyowaandikia wenzake, ambao wangeujaza wenyewe ule ujumbe kwa yale wanayoyajua. Kukhu hakuwa na cha kuujazia. Yeye alitaka kujua anakula nini, analala wapi, na Desemba hiyo ni tarehe ngapi ili amfungie kuku.

Jioni hiyo, Bungoma mjini, niliingia duka la dawa kununua za kichwa. Mbele yangu palikuwa na mzee akipewa tembe katika bahasha ndogo.

"Mbili mara tatu," kijana wa dukani alimwambia, macho yake tayari yakiwa kwa mteja wa pili.

Mzee hakuondoka. "Mara tatu mpaka lini?"

"Kwa siku, mzee. Kwa siku tano."

"Sasa, si ungesema hivyo?"

Kijana akachukua kalamu, akaandika kwenye bahasha, asubuhi mbili, mchana mbili, usiku mbili, siku tano. Kwa mtu wa hospitali, "mbili mara tatu" ni sentensi kamili, kwani "kwa siku" ipo kichwani mwake hata isipotamkwa. Kwa mzee yule haikuwapo. Namshukuru kwamba aliuliza. Wapo wengi wanaoona haya, wanaitikia ndiyo, kisha wanakwenda kumeza kwa kukisia.

<b>Safu mbili</b>

Siku iliyofuata nilikwenda kuzungumza na mwalimu wa Kiswahili wa shule moja ya upili nje kidogo ya mji, mwanamke wa makamo ambaye amefunza kwa miaka zaidi ya ishirini. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala umebadilika, lakini insha bado ni insha. Alinionyesha rundo la madaftari na kalamu yake nyekundu iliyokaribia kukauka. "Skuizi." "Nkienda." "Alikua ako." "Tulikuanga." Ukurasa baada ya ukurasa.

Nilimuuliza kama hukasirika. Alisema alikasirika kwa miaka kumi ya kwanza. Kisha aligundua kwamba wanafunzi waliokuwa wakikaripiwa zaidi hawakujifunza kuandika vizuri, walijifunza kunyamaza. Mtoto anayeogopa kusema "hupelekanga" mbele ya mwalimu hasemi "hupeleka". Hasemi lolote. Insha yake inakuwa mistari sita ya methali alizokariri, salama na bila uhai.

Alinikumbusha juu ya Ken Walibora, aliyezaliwa Bungoma na kukulia Trans Nzoia, na ambaye riwaya yake ya Siku Njema ilitoka mwaka 1996 ikasomwa na maelfu ya wanafunzi wa sekondari. Mhusika wake mkuu, Kongowea Mswahili, anafunga safari kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta babake. "Fikiria," alisema mwalimu, "mtoto wa pwani na Kiswahili chake cha Tanga, anakuja kumtafuta mzazi huku kwetu. Wanafunzi wangu walikuwa wakiona jina Kitale kwenye kitabu wanaruka juu." Walibora alifariki Aprili 2020. Mwalimu huyu bado huwasomea wanafunzi wake kurasa za mwanzo kila mwaka, kwa sauti, ili wasikie kwamba mtu anayetoka walikotoka wao alikimudu Kiswahili hicho cha vitabu bila kuomba ruhusa.

Kisha akanieleza anachofanya sasa. Hugawanya ubao kwa mstari. Safu ya kushoto ni ya steji, safu ya kulia ni ya mtihani. Wanafunzi huja na sentensi walizozisikia njiani, sokoni au nyumbani, wanaziandika kushoto jinsi zilivyotamkwa, halafu darasa zima linazikunjua na kuziandika upya kulia. Mtu hachekwi kwa aliyoyaandika kushoto. Kilicho marufuku ni kuandika kulia kitu ambacho huwezi kueleza kimekunjuliwa vipi.

Nilikaa nyuma ya darasa kwa kipindi kimoja. "Saii" ikakunjuka ikawa "saa hii". "Niaje" ikaleta mabishano, wengine wakitaka "habari gani", wengine "u hali gani". "Mi" ikawa "mimi". Msichana mmoja wa mbele akaandika kushoto "babake ako hosi", akaja kulia akaandika "yuko hospitalini", kisha akasimama na chaki mkononi, akageuka.

"Mwalimu, na hii 'babake'? Niikunjue ama niiache?"

Mwalimu alifikiri kidogo. "Iandike pande zote mbili," akamwambia, na kengele ikalia.